Nataka kusimamia picha za brandi za kubuni kwa ajili ya potifolio, niko Mbeya, naanzia wapi?

binti_wa_ilomba

Wakuu habari za jioni, wa nyumbani mugonile.

Mi ni grafiki dizaina, niko stesheneri moja pale Kabwe, kazi za kila siku ni kadi za harusi, vipeperushi vya mikutano ya injili, mabango ya vyuo na lebo za asali. Sasa nataka nihamie upande wa kusimamia picha za matangazo, yaani yule mtu anayekaa na mpiga picha na kuamua picha iweje, wenyewe wanaita aati dairekta. Niliomba nafasi kwenye ofisi moja ya matangazo Dar wakanijibu lebo zako nzuri ila hatujaona hata picha moja uliyoisimamia wewe. Sasa nitaisimamia wapi jamani, wateja wangu wa hapa hakuna anayelipia picha, mtu anakutumia WhatsApp chupa ya asali kaipiga usiku chini ya balbu ya njano anakwambia we itengeneze ing'ae.

Kwa hiyo nimeamua kubuni brandi zangu mwenyewe. Ya kwanza ni kahawa ya Mbozi nimeiita Kilele, ya pili mafuta ya parachichi ya Rungwe, hii bado haina jina. Lebo ya kahawa nimeshaprinti. Kuna kaka jirani yangu anapiga harusi, ana Canon na lenzi ya 50, amekubali tupige jumapili jioni baada ya ibada. Nina chumba chenye madirisha mawili, kitenge kizuri, vikapu vya Iringa viwili, sinia, na nusu kilo ya kahawa ya punje niliyonunua sokoni.

Shida zangu ni hizi. Picha za majaribio nilizopiga na simu nikaweka status watu wanasema zinafanana na mokapu za kudaunlodi, zile pakiti za kompyuta unazobandikia lebo. Halafu dada mmoja kaniuliza pakiti shilingi ngapi na kama natuma Dodoma, hapo nikakosa jibu kabisa, ni halali kweli kuposti bidhaa ambayo haipo? Na la mwisho huyu kaka nitamwelekezaje wakati mimi kamera yenyewe sijui kuishika? Wa kukosoa akosoe tu, nawasilisha.

mzee_wa_lenzi

Ugonile mwanangu. Kabla hatujafika kwenye kamera nijibu kwanza, hiyo Kilele inauzwa wapi na bei gani? Maana pakiti ya elfu tano inayokaa duka la Mangi pale Soweto katikati ya majani ya chai na sabuni haipigwi sawa na pakiti ya elfu ishirini na tano inayouzwa hotelini kwa wageni. Hapo ndo mokapu inapozaliwa. Mokapu ni pakiti imeelea hewani, haiko mezani kwa mtu, hakuna saa, hakuna aliyechemsha maji, na hata uweke Photoshop ya namna gani mtu anahisi tu kwamba hapa hapakai mtu.

Huko Marekani kuna Betty Crocker, yule mama wa unga wa keki. Hajawahi kuwepo duniani. Kampuni ya unga ilimbuni mwaka 1921 kwa sababu wateja walikuwa wanaandika barua kuuliza mambo ya kuoka, wakaona barua zijibiwe kwa jina la mwanamke mmoja anayeeleweka. Sura yake rasmi ilichorwa 1936. Yaani miaka 15 alikuwa na saini, na sauti kwenye redio, na namna yake ya kuongea na watu, ndo baadaye akapewa uso. Wewe umeanza na uso. Kaa chini andika nusu ukurasa, nani anainywa Kilele, amka yake saa ngapi, anaweka sukari au haweki, kikombe chake ni cha bati lenye maua au ni kile cha udongo cha bei mbaya. Ukimaliza utashangaa vitu vya kuweka mezani vimejichagua vyenyewe na sinia umelirudisha jikoni.

Sasa mwanga. Nikuonye na video za mitandaoni. Nyingi zinatoka Ulaya na Marekani, wanakwambia tafuta dirisha la kaskazini ndo lina mwanga laini. Kwao ni kweli maana jua lao mchana liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi huu wa sita na wa saba jua la mchana linapita kaskazini kwetu, dirisha la kaskazini, linaloangalia mlima Loleza kwa mtu wa mjini, linapigwa jua moja kwa moja na la upande wa pili ndo limetulia toka asubuhi hadi jioni. Ikifika Desemba inageuka, jua linapita utosini limeegemea kusini kidogo. Kwa hiyo usikariri dirisha, kaa na chumba chako siku nzima uangalie mwanga unavyotembea ukutani, andika saa.

Na hiyo jumapili jioni futa. Ibada ikitoka, mle, mpange meza, tayari saa kumi na moja, na sa hivi jua linazama kumi na mbili na nusu hivi. Mtakimbizana na giza mwishoni mtawasha balbu, na ukichanganya balbu ya njano na mwanga wa dirisha upande mmoja wa pakiti unakuwa wa bluu na mwingine wa chungwa, hiyo hata ukae na Lightroom wiki haitoki vizuri. Taa zote za chumbani zima, hata ya korido. Pigeni asubuhi. Baridi yetu ya Juni unayoilalamikia ndo utajiri wako, mvuke wa kahawa unaonekana wazi hewa ikiwa ya baridi, watu wa Dar wanaulilia huo mvuke wanaishia kuuchora kwenye kompyuta. Weka kikombe dirisha likiwa nyuma yake kwa pembeni, nyuma ya kikombe paweke kitu cheusi, koti lolote jeusi linatosha, mvuke utauona unapanda wenyewe.

kihesa_kilolo

Kamwene wote. Mzee kamaliza kwenye mwanga, mimi nina ugomvi na vikapu.

Dada, mama yangu na shangazi zangu wanashona hivyo vikapu vya milulu toka sijazaliwa kwa hiyo hakuna mtu anavipenda kunizidi mimi. Ila sa hivi kila brandi ya Tanzania, ya kubuni na ya kweli, kuna kikapu cha Iringa pembeni na kitenge kimekunjwa chini. Asali kikapu, sabuni kikapu, mafuta ya nywele kikapu, juzi nimeona tangazo la bima lina kikapu. Kahawa ya Mbozi na kikapu cha Kihehe vimekutana wapi? Mtu anayejua akiona anajua dizaina alikuwa anatafuta kitu cha kuonyesha hii ni Afrika akakosa.

Angalia kwanza vitu vya kule inakotoka bidhaa. Mbozi ni matofali ya kuchoma, ni udongo mwekundu unaoshika kwenye buti, ni magunia, ni meza za waya za kuanikia, ni sweta. Mimi ningeanza na sweta! Mkono wa mtu mwenye sweta la mtumba unashika kikombe, tayari mtu wa huku kashajua ni wapi na ni mwezi gani bila kuandika neno. Masweta yamejaa Mwanjelwa pale, chagua rangi isiyopigana na lebo yako.

Meza usinunue. Nenda duka la vigae waombe vipande vilivyovunjika, wanavitupa. Mbao za paini za Mafinga omba mabaki kwa fundi, unga vipande vitatu vinne, paka rangi upande mmoja, upande wa pili acha hivyohivyo, hapo una meza mbili.

mbozi_asili

Nimekuja kwa sababu ya ile nusu kilo ya punje ya sokoni. Dada umeuliza ni kahawa gani? Huku kwetu Mbozi tunalima arabika. Punje ya arabika ni ndefu kidogo kama yai na ule mfereji wa katikati umepinda, robusta ni ya duara zaidi na mfereji wake umenyooka. Wewe kuandika arabika ya Mbozi kwenye lebo halafu mbele umemwaga robusta, mtu wa kawaida hatajua ila mtu wa kahawa atajua kabla hajasoma jina, na hao ndo wateja unaowataka. Hata ukaangaji uangalie, lebo yako ikisema imekaangwa kati halafu punje nyeusi tii zinang'aa mafuta umejisuta.

Kitu kingine ni pakiti. Pakiti za kahawa za maana zina vali ndogo ya duara mbele, kahawa iliyotoka kukaangwa inatoa gesi na ile vali inaitoa bila kuruhusu hewa iingie. Mokapu nyingi hazina au zimechorwa tu. Tafuta pakiti tupu zenye vali, kwenye maduka ya vifungashio zipo, bandika lebo yako, halafu uijaze kitu cha uzito kweli. Pakiti yenye kahawa ndani inakaa chini imetulia, tumbo limejaa, kona zimekunjika kidogo. Ukijaza magazeti inaonekana.

Na kama unataka matunda mekundu njoo sa hivi huku msimu umefunguka, ukisubiri mwezi wa kumi na mbili utakuta majani tu. Ukienda kwenye CPU, yaani kiwanda kidogo cha kumenya na kuosha kahawa, ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yoyote ukawaomba vizuri wanakuruhusu kupiga kahawa ikioshwa, ila nenda na barua yako na uwaambie ukweli kwamba ni mazoezi, wasije wakadhani umeleta mnunuzi.

fundi_mabango

Mimi nitakuwa tofauti. Kwa nini ujitese kubuni brandi wakati mkoa mzima umejaa bidhaa za kweli zenye picha mbaya? Mafuta ya alizeti, mchele wa Kyela, kakao ya Kyela, asali, chai. Nenda kwa mama mmoja mwambie nakupigia picha bure nipe ruhusa niweke kwenye potifolio. Una bidhaa ya kweli, mteja wa kweli na hakuna wa kukuuliza kama unatuma Dodoma ukakosa jibu 😂

kihesa_kilolo

@fundi_mabango nakubali nusu. Ya bure unapata mteja wa kweli pamoja na mashemeji zake. Atataka namba ya simu kubwa nyekundu, atataka picha yake ashike bidhaa, atataka na maua, na huwezi kukataa maana bidhaa ni yake. Mwisho wa siku potifolio inaonyesha ladha ya mama alizeti. Brandi ya kubuni ndo sehemu pekee ambayo hakuna wa kumsingizia, ikiwa mbaya ni wewe, ikiwa nzuri ni wewe. Afanye moja au mbili za kubuni, zikisimama ndo aende kwa mama alizeti na kitu cha kumwonyesha, hapo hata hela kidogo ataomba.

fundi_mabango

Sawa hapo kwenye mashemeji nimekuelewa.

muhuri_na_stempu

Nijibu lile la uhalali maana naona mnalikwepa.

Kubuni brandi kwa ajili ya mazoezi siyo kosa, watu wa fani hii dunia nzima wanafanya. Kosa linaanzia pale mtu anapoamini ni bidhaa ya kweli na wewe umeacha aamini. Kwa hiyo andika, tena siyo kule chini kwenye hashtegi ya ishirini, mstari wa kwanza kabisa: brandi ya kubuni, mradi binafsi, haiuzwi. Na picha zikisambaa bila maelezo yake, ambayo kwa WhatsApp ndo kawaida, weka na maandishi madogo kwenye picha yenyewe pembeni. Yule dada wa Dodoma mjibu hivyohivyo, mwambie haipo, natafuta kazi ya kuzipigia picha zilizopo. Huwezi jua, labda ana duka.

Angalia sasa lebo yako. Kama umeweka alama ya TBS, Shirika la Viwango, itoe leo. Ile alama ya ubora inatolewa kwa leseni baada ya bidhaa kupimwa, siyo pambo la kujaza nafasi upande wa nyuma wa pakiti, na nimeona madizaina wanaibandika kwenye mokapu bila kuwaza. Msimbomilia pia, ile mistari ya kuskani, watu wanakopi wa bidhaa nyingine, ukiona unaanza na 620 ujue hiyo namba imetolewa Tanzania na ina mwenyewe. Chora mistari yako isiyosomeka au acha kiboksi kitupu. Na usiandike inatibu presha au inaondoa sumu mwilini, hata kwa kubuni, utazoea.

Jina kalitafute kwenye mtandao wa BRELA, wale wanaosajili biashara, kwanza, kwenye majina ya biashara na kwenye alama za biashara. Majina ya milima na vilele kila mtu anayapenda. Haina maana utasajili, ila usije ukatumia mwaka mzima kutangaza potifolio yenye jina la mtu.

Kuhusu udanganyifu ndani ya picha yenyewe, kuna kisa maarufu cha supu ya Campbell's Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye tangazo waliweka goroli za kioo chini ya bakuli ili mboga zisizame zionekane nyingi. Tume ya serikali inayosimamia biashara ikawashukia, 1970 ikaisha kwa makubaliano kwamba waache. Kwako hakuna supu ya kweli ya kudanganya lakini anayeangalia potifolio yako anataka kujua kama unaweza kufanya kahawa ya kweli ipendeze ikiwa kahawa. Ukiweka soya sosi kwenye kikombe kwa sababu inang'aa zaidi, siku ukipata mteja wa kahawa utafanyaje?

Mwisho, mtu yeyote anayetambulika kwenye picha, hata huyo mwenye sweta kama uso unaonekana, asaini karatasi kwamba amekubali na itatumika wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya uso wa mtu ni taarifa yake. Mama muuza ndizi wa Mwanjelwa siyo mapambo, muombe, mweleze, mpe chochote. Na ukitaka kupanda Kitulo kupiga na maua uliza TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, habari za kibali kabla hujalipa nauli.

binti_wa_ilomba

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili mbili. TBS nilikuwa nimeiweka ndiyo 🙈 nimeshaitoa. Mteja wa Kilele nimeamua ni mwalimu wa sekondari wa Vwawa, anaamka saa kumi na moja kusahihisha madaftari, anakunywa bila sukari, kikombe cha bati. Vikapu nimerudisha juu ya kabati, @kihesa_kilolo nisamehe kwa mama.

Kilichobaki ni huyu kaka. Nikimwambia nataka picha iwe na utulivu anasema sawa, anapiga, nyuma kote kunakuwa ukungu mweupe na nusu ya lebo haisomeki, anafurahi kabisa anasema umeona hiyo bokee. Namwambiaje bila kumvunja moyo? Na ya parachichi naomba mawazo pia.

chips_mayai_studio

Kwani dada kwa nini usitengeneze tu na hizi akili bandia, unaandika kahawa, mlima, ukungu, dakika moja unapata picha kumi

makambako_stendi

@chips_mayai_studio kwa sababu ofisi ile ilimwambia hatujaona picha uliyoisimamia. Wanataka kujua kama anaweza kukaa chumba kimoja na mpiga picha mbishi, mwanga unaokimbia na pakiti isiyosimama, na wakatoka na picha. Halafu ziangalie hizo picha kumi vizuri, punje za kahawa zina mifereji miwili.

Haya dada, mimi nafanya hiyo kazi Dar mwaka wa kadhaa sasa ila kwetu ni Makambako. Kwenye kuelekeza, kosa la wengi ni kumpa mpiga picha hisia badala ya kitu. Utulivu, mvuto, iwe ya kisasa, hayo ni maneno yako na mteja wako wa kubuni, yeye hawezi kuyageuza kuwa namba. Mwambie kitu kinachoonekana. Nataka nisome neno Kilele na neno Mbozi yote mawili, nataka mwanga uingie kushoto kwa nyuma, nataka upande wa kulia wa pakiti uwe na giza kidogo, nataka juu pabaki patupu kwa ajili ya maandishi. Hapo ameachiwa kazi yake, jinsi ya kufika hapo ni fani yake na wala hujamgusa.

Wapiga harusi wamezoea kufungua lenzi mpaka mwisho, 1.8, maharusi wakali, ukumbi wote umeyeyuka. Kwenye harusi ni sawa. Kwenye pakiti iliyokaa kimshazari herufi ya kwanza inakuwa kali na ya mwisho imeyeyuka. Mwombe, usimwamrishe, ajaribu f/8, yaani tundu la lenzi libanwe, kamera iwe kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kudaka mwanga) iwe 100, shata ikae wazi hata nusu sekunde, pakiti haiendi popote. Isipokuwa mvuke, mvuke kwa nusu sekunde unakuwa ukungu tu, huo upigwe peke yake kwa shata ya haraka, 1/125 hivi, apandishe ISO, na kwa kuwa tripodi haijasogea mnaunganisha picha mbili baadaye. Mwambie hivi uone atakavyofurahi, anapenda mambo ya ufundi huyo. Na hiyo 50 kama Canon yake ni ya sensa ndogo inakuwa kama 80, nzuri sana kwa bidhaa, haipindishi kona za pakiti kama simu yako inavyofanya ukiisogelea.

Kabla ya siku yenyewe chora. Mraba kwenye karatasi, pakiti iko wapi, kikombe wapi, maneno wapi. Michoro mibaya haina shida, mimi nachora vidole kama karoti. Chora kila picha kwa maumbo mawili, la kusimama la 4 kwa 5 la Instagram na la kulala la bango la barabarani, kwa sababu picha iliyobanwa kwa simu ikienda kwenye bango unakosa pembeni na hapo huna tena kahawa wala mwalimu wa kurudia naye. Mimi nikiwa seti natoa picha kutoka kwenye kamera naiweka kwenye laptop pale pale, naibandikia logo na maneno juu, ndo naona kama kile kikombe kinagombana na herufi. Kusogeza kikombe sentimita mbili asubuhi ile ni bure, kesho yake ni kazi ya usiku mzima.

Chukua karatasi za manila, mbili nyeupe moja nyeusi. Nyeupe unaisimamisha upande wa giza wa pakiti, isogeze taratibu na umwambie kaka aangalie kwenye skrini, utaona kivuli kinafunguka, ikikaribia sana pakiti inakuwa bapa haina umbo, irudishe. Nyeusi inafanya kinyume, ukitaka ukingo wa pakiti uonekane mkali unaisogeza pembeni unakula mwanga. Wewe shika manila. Mtu anayeshika manila ndo anayeamua picha na hakuna atakayekuuliza kama unajua kamera.

Ya parachichi sasa, hii naipenda. Kwanza amua ni parachichi gani. Ukiandika Hass weka Hass, lina ganda la magamba na likiiva linageuka zambarau karibu na nyeusi, siyo yale makubwa ya kijani laini ya kwenye ungo. Ukilikata pakaa ndimu haraka kwa brashi, dakika chache tu linaanza kuwa kahawia. Na mafuta yenyewe yakiwa hayajasafishwa kiwandani yana ukijani, yaliyosafishwa ni ya njano nyepesi, usije ukajaza chupa mafuta ya alizeti ukasema ndo yenyewe, nunua chupa ndogo ya kweli uhamishie.

Chupa ya kioo ni kichwa kingine kabisa maana kioo kinapiga chenga mwanga. Ukiimulika mbele unapata dirisha lako limechorwa kwenye lebo na mafuta yamekuwa meusi. Mwanga utoke nyuma. Kata kipande cha manila nyeupe au foili chenye umbo la chupa ila kidogo kuliko yenyewe, kiegemeze nyuma ya chupa kimelala kidogo kudaka mwanga wa dirisha kisionekane kwa mbele. Mafuta yanawaka kama yana taa ndani. Lebo ya chupa iprinti kwenye stika isiyong'aa, mpo stesheneri hapo hilo halikushindi.

Na jina la kaka liandike kila unapoposti, picha fulani, usimamizi wa sanaa fulani. Muandikiane hata kwa meseji nani anaruhusiwa kutumia picha wapi. Chakula na nauli juu yako.

canon_ya_ilomba

Mimi ndo huyo kaka 😂😂 nimetumiwa linki na mtu. Kwanza bokee yangu iheshimiwe. Pili f/8 sina neno, na hiyo ya kuunganisha mvuke nimeielewa nataka kuijaribu hata kesho. Ila kuna mambo mawili. RAW, yaani faili ghafi za kamera, sitoi, nitatoa JPEG kubwa zilizoeditiwa pamoja, tukae wote kwenye laptop. Na jumapili asubuhi haiwezekani, jumamosi nina harusi Tunduma, nitarudi alfajiri nimekufa.

binti_wa_ilomba

Kaka kumbe uko humu! JPEG sawa, tukae wote. Ila jumatatu mimi niko dukani kuanzia saa mbili, bosi hataki kusikia habari ya kahawa.

mzee_wa_lenzi

Hamna haja ya kugombana. Dirisha la kusini halibadiliki sana, jumapili saa nne hadi saa saba mnapiga pakiti, meza, mkono wenye sweta, zote za f/8 tripodi, kaka atakuwa ameshalala kidogo. Mvuke ndo unataka baridi, huo njooni jumatatu saa moja na nusu, kazi ya nusu saa, maji yachemshwe na yawe kwenye chupa ya chai kabisa kabla hamjapanga, binti anafungua duka saa mbili na kikombe mkononi. Kwa kuwa ni siku mbili tofauti msikubali tripodi iguswe usiku, wekeni alama sakafuni kwa selotepu miguu yote mitatu, na meza pia, na kikombe. Urefu wa tripodi pimeni kwa futi muandike. Kama kuna watoto humo ndani fungeni mlango na ufunguo.